Gramafoni za Bati za Baba Pauline

Wasifu wa marehemu Cephas Wangwe Sumba, 14 Agosti 1954 – 4 Novemba 2025. Umesomwa nyumbani kwake Kisegi, Suba Kusini, Jumamosi tarehe 15 Novemba 2025.

Wapendwa wachungaji, wazee wa boma hili, majirani wa Kisegi na nyinyi mliotoka Migori alfajiri, karibuni mketi. Walio nyuma wasogee mbele kidogo, kivuli kipo.

Wasifu huu umeandikwa kwa Kiswahili, na sababu ni hii. Marehemu alikua na Dholuo. Mkewe, Mellen Matiko, alikua na Kikuria. Kwa miaka arobaini na minne lugha ya nyumba yao ilikuwa Kiswahili. Waligombana kwa Kiswahili, wakapatana kwa Kiswahili, na lile jambo moja ambalo hawakuwahi kulisema, hawakulisema kwa Kiswahili. Mama ameomba leo lisemwe mbele yenu wote. Litasemwa pahali pake.

Cephas Wangwe alizaliwa hapa Kisegi, Jumamosi tarehe 14 Agosti 1954, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Zakayo Sumba na marehemu Rusalina Abuya. Mama Rusalina alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alichelewa kuongea mpaka watu wakaanza kuulizana. Alikuwa akisikiliza tu. Akisikia mlango wa jirani unalia, aligeuza kichwa. Akisikia kuku amekanyaga sufuria, aliacha kunyonya. Maneno yalipokuja, yalikuja machache, na hivyo ndivyo yalivyobaki hadi juzi.

Alianza shule ya msingi mwaka 1963 na kumaliza darasa la saba mwaka 1969. Alipita mtihani vizuri, lakini baba yake alifariki Desemba ile ile, na safari ya sekondari ikaishia hapo. Kutoka shuleni alibeba hadithi moja. Redio ya mwalimu mkuu iliacha kuongea, na Cephas, akiwa na miaka kumi na minne, akaomba aiangalie. Aliifungua juu ya dawati, akaifunga, na redio ikaongea. Ila skrubu mbili zilibaki mkononi mwake.

"Na hizi?" mwalimu akauliza.

"Hizo ndizo zilikuwa zinaizuia, mwalimu."

Mwalimu alizitunza zile skrubu kwenye kikombe cha chaki mpaka alipostaafu.

Mwaka 1971 Cephas alikwenda mjini Homa Bay kujifunza ufundi wa redio, akakaa huko miaka sita akilala nyuma ya duka la bwana wake. Februari 1978 alifungua kibanda chake mwenyewe Suna, Migori, kibanda cha mabati chenye dirisha moja na benchi la wateja. Alitengeneza redio, kisha kanda, kisha televisheni, na miaka hii ya mwisho chaja za simu, ambazo alisema hazina adabu kwa sababu zinaharibika kabla mtu hajazizoea. Watu walitoka Kehancha na Isebania wakazipita karakana tano wakimfuata yeye. Alikuwa mpole, alikuwa mkweli, na alikuwa mtu wa "njoo kesho."

Ndoa yake ilitoka kwenye hiyo "njoo kesho." Mwaka 1981 Mellen alileta redio ya kaka yake. Fundi akasema aje kesho. Kesho akaambiwa kesho. Siku ya nne Mellen aliweka mkono kiunoni, akasema, "Fundi, hii redio ndiyo mgonjwa ama ni wewe?" Benchi zima lilicheka. Fundi akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ndogo, "Redio ilipona siku ya kwanza." Wazee wa pande mbili walikutana, wakaelewana kwa taabu na vicheko, na tarehe 19 Desemba 1981 wawili hao wakafunga ndoa kanisani Suna.

Tarehe 3 Aprili 1982 – hapana, 1983, Mama anasahihisha kutoka pale alipoketi – alizaliwa mtoto wao wa kwanza, Pauline. Tangu siku hiyo mpaka leo hawakuwahi kuitwa vingine: Baba Pauline na Mama Pauline.

Sasa tuje kwa hizi gramafoni, maana wengi wenu mmeziona pale juu ya meza na mnaulizana.

Mwishoni mwa mwaka 1985 mzee mmoja alivuka mpaka kutoka upande wa Tarime akiwa na kitu ndani ya gunia. Alikuwa amepikia wamisheni miaka mingi, na walipoondoka walimwachia. Kilikuwa gramafoni ndogo ya bati, ya kuchezea watoto, kimo chake kama kibuyu cha uji. Ilikuwa nyekundu. Ubavuni palichorwa msichana akiwachunga bata bukini watatu, na chini pamegongwa neno moja, Germany. Unazungusha mkono wake wa pembeni, springi inakazwa, unaweka santuri isiyozidi sahani ya chai, na sauti inatoka kwenye bati lenyewe, nyembamba kama ya mtu anayeimba ndani ya mtungi. Springi ilikuwa imekatika. Baba Pauline aliitengenezea kifungio kipya kwa spoki ya baiskeli, akakilehemu. Mzee aliporudi kuichukua alimkuta Pauline, wa miaka miwili na nusu, anacheza mbele yake kwa magoti na mabega kama mtu mzima kwenye harusi. Mzee alitazama mpaka santuri ikaisha. Kisha akakunja gunia lake tupu.

"Fundi, hii imepata mwenyewe," akasema, akaenda zake.

Wimbo ulikuwa wa Kijerumani, na hakuna aliyejua maneno. Pauline alitunga yake, nusu Dholuo, nusu Kikuria, na katikati aliingiza majina ya wateja. Alimkwaruza bata mmoja kichwa kwa msumari kwa sababu, alisema, huyo alikuwa anawachungulia wenzake. Kibanda kile kilikuwa na raha. Aliyeketi kwenye lile benchi miaka hiyo anakumbuka.

Pauline alishikwa na homa siku ya Jumatatu, ikapanda kichwani, na Alhamisi tarehe 9 Juni 1988 akafariki. Alikuwa na miaka mitano na miezi miwili. Kaburi lake liko kwa babu yake, ng'ambo ya ule ua. Kutoka hapa ni hatua arobaini na tatu. Baba Pauline alizihesabu.

Walirudi Suna wawili hao na Lorine, mtoto wao wa pili, mgongoni. Gramafoni ilikuwa juu ya kabati. Mama Pauline hakuweza kuitazama, na hakuweza kutoitazama. Wiki ya pili, Baba Pauline akiwa ameenda kununua vipuri, alipita mama mmoja mchuuzi wa nguo za mitumba, na mtoto mchanga akilia mgongoni. Mama Pauline alitoa ile gramafoni na santuri zake zote, akamwekea yule mama juu ya mzigo wake, bila kumuuliza jina wala anakoishi. "Chukua," alimwambia. "Chukua uende tu."

Jioni mumewe aliingia, akaangalia juu ya kabati.

"Iko wapi?"

"Nimeitoa."

"Sawa," akasema. Akanawa mikono, akala.

Ni hayo tu. Maneno manne kati ya watu wawili, na hawakuyaongeza kwa miaka thelathini na saba.

Miezi mitatu baadaye Baba Pauline alifika kibandani na gramafoni nyingine. Hii ilikuwa ya buluu, yenye mbwa anayecheza ngoma. Aliipata Homa Bay, kwenye stoo ya duka la zamani lililokuwa linafungwa, chini ya makopo ya rangi. Aliisafisha kwa mafuta ya cherehani, akaweka santuri, akazungusha. Tangu mazishi Mama Pauline alikuwa hajakanyaga kibandani. Aliposikia ile sauti kutoka nyumbani, nyuma ya kibanda, aliacha unga kwenye chekeche, akaja, akaketi kwenye benchi karibu na mumewe. Akasikiliza mpaka mwisho. Akalia ndani ya leso yake, akarudi kwenye unga.

Alichokiwaza Mama siku ile, amekiandika mwenyewe ili kisomwe: "Niliona ananionyesha. Ananiambia bila mdomo, mimi natafuta kile ulichokitupa. Nikasema nitakaa nisikilize, hiyo ndiyo adhabu yangu. Na kila akileta ingine nitakaa."

Na alizileta kweli. Ya kijani yenye watoto wanaocheza duara, kutoka Karungu. Ya manjano iliyofanana na keki, aliyopewa na padri mzee baada ya kutengeneza vipaza sauti vya kanisa Pasaka nzima. Ya mviringo isiyo na picha, kutu tupu, ambayo alikaa nayo miezi minane mpaka ikaimba. Kwa jumla kumi na sita, katika miaka thelathini. Alijua kila moja springi yake ina mizunguko mingapi. Sindano zake alizinoa mwenyewe. Santuri hakuruhusu zioshwe kwa sabuni ya unga, na aliyewahi kujaribu yupo hapa na anajijua.

Watu walimtania sana. "Baba Pauline, redio zako za bati zinashika stesheni gani?" Naye alikuwa akijibu bila kuinua macho, "Moja tu, ya Ujerumani, na habari zake ni za kabla ya mama yako kuzaliwa." Mara moja pale Isebania askari walimfungulisha mfuko.

"Mzee, hii ni nini, bomu?"

Akazungusha, ikaimba. Askari wakasogea wote.

"Hawa wanaimba kabila gani?"

"Wajerumani."

"Na karatasi zao za kuvuka mpaka ziko wapi?"

"Walivuka zamani, afande, wakati mpaka ulikuwa haujachorwa vizuri."

Wakamwachilia, lakini santuri ikageuzwa kwanza upande wa pili, maana foleni nayo ilitaka kusikia.

Hivyo ndivyo sisi watu wa nje tulivyomjua: mzee wa toi za bati, na mke mvumilivu anayeketi kando yake. Tulisema hawa wawili wanapenda sana muziki.

Mwaka 1996 alijenga boma lake hapa Kisegi kama inavyompasa mwanamume, lakini karakana ilibaki Suna. Watoto walisoma, wakaoa na kuolewa. Presha ilimwanza mwaka 2016. Dawa alikunywa akikumbushwa.

Jumapili tarehe 12 Oktoba mwaka huu, akijiandaa kwenda kanisani, alianguka kwa kiharusi. Upande wa kulia ukafa ganzi na maneno yakawa mazito mdomoni. Alilazwa Migori siku tano, kisha akahamishiwa hospitali mjini Homa Bay ili awe karibu na nyumbani. Mama Pauline alihamia naye. Alilala kwenye kiti.

Ijumaa tarehe 31 Oktoba, saa za kuona wagonjwa mchana, Lorine alifika na daftari la shule lenye gamba la kijani. Alilitoa kwenye droo ya karakana akidhani litamchangamsha baba. Humo Baba Pauline aliandika kila gramafoni kwa mwandiko wake wa kulala: nambari, tarehe, mahali, rangi, ugonjwa wake. Lorine akaanza kumsomea kwa sauti.

"Nambari moja. Nyekundu, bata watatu. Ya Pauline." Akaendelea. "Nambari mbili. Septemba 1988, Homa Bay. Buluu, mbwa. Springi imelegea. M. alikaa." Akageuza macho. "Nambari tatu, Karungu. Kijani. M. alikaa hadi mwisho. Nambari nne. M. hakukaa, ana malaria. Nimeirudia Jumamosi. M. alikaa. Baba, huyu M. ni nani?"

Baba hakuweza kuinua mkono wa kulia. Akaelekeza kwa mdomo, kama tunavyoelekezana sisi, kwa yule aliyekuwa kwenye kiti.

Lorine aliendelea kusoma kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Kati ya nambari tisa na kumi kulikuwa na mstari usio na nambari. "Ndhiwa, soko, Machi 1998. Nyekundu, bata watatu, mmoja kichwa kimekwaruzwa. Lehemu ni yangu. Ni yenyewe. Mtoto anaitwa Phanice, miaka kumi. Springi imechoka, nimemwekea mpya. Nimeiacha. Kuna mtoto."

Mama Pauline alisimama. "Uliipata?"

Mumewe akaitikia kwa kichwa.

"Tangu tisini na nane? Na ukanyamaza? Na ukaendelea kuniletea zingine?" Sauti yake ilisikika mpaka kitanda cha mwisho. "Baba Pauline, mimi nilidhani unanionyesha!"

"Kuonyesha... nini?"

"Kwamba nilikosa! Kwamba niliitupa!"

Alitafuta maneno muda mrefu. Yalitoka moja moja, na Lorine ndiye aliyeyashika.

"Ulikuwa... huji. Baada ya mtoto. Huji kibandani. Ile ya buluu ikaimba... ukaja." Akapumua. "Nikasema, kumbe anazipenda."

"Mimi nizipende?" Mama akasema. "Sizipendi hata moja! Kelele tu, kama nzi kwenye kopo!"

Kisha Baba Pauline akaanza kucheka kwa ule upande mmoja wa uso uliobaki, na Mama akacheka, machozi yanamwagika, ameshika ukingo wa kitanda, mpaka muuguzi akaja kuuliza kama mgonjwa amezidiwa. Lorine akamwambia, "Hapana, sister. Wanaongea."

Miaka thelathini na saba kila mmoja aliubeba uchungu wa mwenzake mahali pabaya. Mume alizunguka wilaya nzima akitafuta kitu cha kumfanya mkewe aketi karibu naye, na mkewe akaketi akidhani anahukumiwa. Walikuwa karibu kiasi cha magoti kugusana. Ndugu zetu mlio na mtu nyumbani, Mama Pauline ameomba tusiwahubirie. Amesema tuwaambie tu jinsi ilivyokuwa.

Walipata siku nne. Waliongea habari za Pauline, wimbo wake, yale majina ya wateja aliyoyaimba. Walikumbuka jina la mteja mmoja aliyekasirika kwa kuimbwa. Jumanne tarehe 4 Novemba 2025, saa tano asubuhi, Cephas Wangwe Sumba alifariki, mkewe akiwa ameketi kwenye kile kiti, ameshika mkono ule wa kushoto, uliokuwa bado unasikia.

Tangazo la kifo lilisomwa redioni, likamtaja kama fundi wa Suna mwenye gramafoni za bati. Alhamisi hii alasiri mwanamke mmoja alishuka kwenye bodaboda hapo langoni, na mtoto wa kike wa miaka minne, na kitu ndani ya shuka. Alisema anaitwa Phanice, anatoka Ndhiwa. Mama yake aliuza mitumba. Anamkumbuka fundi aliyepiga magoti sokoni mbele ya gramafoni yake, akaishika muda mrefu, akaitengeneza na kukataa malipo, na akamwambia, "Cheza, mama, cheza." Phanice alikuwa ameirudisha.

Aliifunua. Rangi nyekundu imepauka. Bata watatu wapo, mmoja hana kichwa. Mama Pauline aliiweka mapajani, akapitisha kidole kwenye ile lehemu ya spoki ya baiskeli. Akazungusha mkono mwenyewe, mara ya kwanza maishani mwake. Wimbo ukatoka, na kifua cha Mama kikawa kinapanda na kushuka, na sisi tuliokuwa pale hatukujua tutazame wapi. Mtoto wa Phanice hakuwa na shida hiyo. Alishuka mkekani, akaanza kucheza kwa magoti.

Santuri ilipokwisha, Lorine alinyoosha mikono aiweke mezani pamoja na zile kumi na sita. Mama akamzuia. Akaifunga kwenye shuka yake, akamkabidhi mtoto.

"Chukua, mama," akasema. "Safari hii nakutolea nikiwa nakutazama."

Ndiyo maana leo mezani kuna kumi na sita tu. Mnaweza kuziona baada ya mazishi, lakini watoto wasikaze springi kupita kiasi. Mzee mwenyewe angewaambia njoo kesho.

Marehemu ameacha mjane, Mellen Matiko, Mama Pauline, watoto wake Lorine, Tony na Lynnet, wakwe zake, wajukuu saba, wa mwisho wao akiitwa Pauline, kaka yake Jacktone na dada yake Damaris, na benchi moja Suna, ambalo majirani wameomba lisiondolewe. Ametanguliwa na wazazi wake na binti yake wa kwanza, aliye hatua arobaini na tatu kutoka hapa.

Baba Pauline, Mungu akupe usingizi mzuri. Kwenye daftari lako umebaki mstari mmoja, na tumeuandika: M. alikaa hadi mwisho.